Waliokula kwa Mashavu

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe unayetafuna, meza. Wewe unayecheka huko nyuma, kicheko kiweke, utakitoa nikimaliza kama kitakuwa kimebaki. Nyamazeni sasa. Hadithi hii haipendi kukatizwa.

Hapo zamani, zamani za kanda za kaseti, huku kwetu kwenye michungwa, alikuwako mjane aitwaye Mashavu. Mumewe alimwachia gitaa kavu, lile lisilotaka umeme, akamwachia na huzuni. Mashavu akavifunga pamoja, akatunga nyimbo nane. Akaazima redio ya kurekodia, akajifungia chumbani siku moja ya masika, akapiga, akaimba, akatoka na kanda yake ya kwanza. Kumbe unyevu ulikuwa umelegeza uzi wa tatu wa gitaa. Yeye hakusikia. Anayelia hajisikii analiaje.

Jumapili kanda ile ingekwenda redioni mjini, nchi nzima isikie. Mara moja tu, maana mwimbaji mpya hapewi mara mbili. Mashavu akasema, "Kwanza wasikie walio wangu." Akawaita watatu: Shangazi Mwanamkuu aliyemlea, Fundi Shekiondo aliyemfundisha gitaa, na Tabu, shoga yake tangu utotoni.

Sasa hapa ndipo alipokosea, au hakukosea, mtasema nyie. Aliwapikia. Alichinjisha jogoo, akapika wali wa nazi, wakala, wakanawa, ndipo akawasha kanda. Na kwao kulikuwa na mwiko: ukila kwa mtu, siku hiyo hutaji kasoro ya nyumba yake. Hata paa likikuvujia utosini, unasema mvua ya mwaka huu ina baraka.

Kanda ikaisha. Mashavu kakaa, mikono mapajani. "Haya, jamani, niambieni."

Shangazi akapiga kigelegele. "Asali tupu, mwanangu! Nani kama wewe?"

Fundi akachokonoa meno, akatazama dari. "Umefanya kazi," akasema. "Na jogoo alikuwa amenona."

Tabu akasema, "Nimeshiba, shoga. Tutaonana kesho."

Kesho yake asubuhi, bombani, mbele ya wanawake na ndoo zao, Tabu akamwona Mashavu. Wali ulikuwa umeshuka, mwiko umekwisha. "We Mashavu! Gitaa lako linaumwa jino! Nyimbo zote nane linalalamika tu. Ukiipeleka kanda ile utatuaibisha!" Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Uso ulimwiva Mashavu. Akawaza: Shangazi kasifu. Fundi, mwenye masikio yake, hakutaja kasoro. Huyu ni wivu tu. Akajitwika ndoo yake, akaenda zake. Jumapili akapanda lori la machungwa, yeye na kanda.

Mtangazaji akaipiga. Kisha wasikilizaji wakaanza kupiga simu kutoa maoni yao. Mmoja akasema, "Maneno yamenitoa machozi, lakini hilo gitaa likazwe au litiwe jikoni." Mwingine akasema, "Mwambieni huyo mama akawaimbie kuku." Na huku kijijini watu wote wameizunguka redio, wanasikia.

Mashavu akarudi, akawaita tena wale watatu. Safari hii hakupika.

"Shangazi, hukusikia?"

"Nilisikia, mwanangu. Lakini tangu umzike mumeo, siku ile ndiyo ya kwanza nilikuona unacheka. Ningekunyang'anya?"

"Nawe Fundi?"

"Uzi wa tatu niliusikia tangu wimbo wa kwanza. Ila nilikula kwako. Na kesho yake hukuja kuniuliza."

Tabu akadakia, "Mimi nilisema! Peke yangu! Mnanitolea macho ya nini?"

"Ulisema bombani, Tabu. Ulisema ili nichekwe."

"Ningesema wapi? Kweli nayo inataka mkeka?"

Shangazi akamgeukia Mashavu. "Nawe, mwana, umeambiwa, ukaita wivu. Tena nani alikutuma utulishe kwanza?"

Mashavu akainuka, akaingia ndani. Hakuimba tena, hata wimbo wa kutwangia. Mwaka wa tatu homa ikamchukua, akaenda kimya vilevile.

Wakagawana alivyoacha. Shangazi akarithi kanda, na hakuiwasha hata siku moja. Fundi akarithi gitaa, akaukaza uzi wa tatu palepale mlangoni, kazi ya kufumba na kufumbua. Tabu akarithi nyimbo, kwa kuwa alizijua zote kwa ghibu. Mpaka leo huziimba arusini, na watu hulia, humshika mikono, humwambia, "Tabu, Mungu kakupa!"

Kila kitu kimepata mwenyewe. Lawama tu ndiyo haijapata mrithi. Basi semeni, msitazame chini: Shangazi aliyesifu, Fundi aliyenyamaza, Tabu aliyesema kweli mbele ya watu, au marehemu mwenyewe aliyewalisha kwanza, je, nani alistahili kuirithi?