Doa Kwenye Mlango wa Pijo

Haya, sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Hii ninayowapa ni kesi. Imewashinda masheikh saba, mahakimu wawili, na mama mmoja wa Muheza ambaye tangu aachishwe ziwa hajawahi kushindwa kwa maneno. Atakayesinzia namkabidhi ndoo na dodoki.

Huko Muheza palikuwa na mzee mmoja, Semkiwa, dereva mstaafu. Aliendesha mabasi miaka arobaini. Kona za kupanda Amani alizipita kinyumenyume, kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika. Msibishe, hamkuwepo. Mzee huyo alikuwa na gari lake, Pijo jeusi la mgongo mrefu, refu hasa, aliyekaa siti ya nyuma alikuwa anafika kesho yake.

Mtoto hakujaliwa. Lakini alikuwa na dada watatu, na kila dada alizaa mmoja, na kila mmoja Mungu alimshushia kitu chake.

Mwantumu alipewa mikono. Mpishi wa shughuli, huyo. Sufuria lililoungua likaota magamba, yeye akilishika na majivu, jua lenyewe linashuka kujitazama. Kuna bibi harusi alipaka wanja kwa kujiangalia kwenye mfuniko wake, na wanja haukupinda.

Nyange alipewa pua. Alikuwa anauza iliki na mdalasini sokoni. Akisimama Muheza upepo ukitoka Tanga, anakwambia Tanga leo wanakaanga nini, na mafuta yale yanatumika mara ya ngapi.

Mhando alipewa masikio. Fundi baiskeli. Baiskeli ikiwa bado kijiji cha tatu, yeye keshaisikia, na keshajua spoku ipi imelegea.

Sasa, magoti ya mzee yakagoma, na Pijo likalala bandani miaka mitatu. Kuku wakataga humo. Panya wakaoa, wakatalikiana. Ukifungua mlango, harufu inatoka inakushika kola inakuuliza unataka nini.

Asubuhi moja mzee akawaita wapwa zake.

"Wapwa zangu, hili gari halitanizika, wala mimi sitalizika. Siku ya leo mnaliosha. Nataka mambo matatu. Nione ndevu zangu kwenye mlango. Niingie ndani nisizibe pua. Na nikifunga mlango lisinipigie kelele kama kabati la vyombo. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wenzake, funguo zake."

"Mmoja tu, mjomba?" Nyange akauliza.

"Mmoja. Gari si fenesi, halikatwi vipande."

Mwantumu akazikazia macho funguo. Hawa wenziwe walilitaka gari kwa raha tu, Nyange aonekane sokoni, Mhando apige honi. Yeye alilitaka kwa uhai wake. Mwezi uliopita sufuria lake kubwa, lile la kilo sabini, lilidondoka kwenye pikipiki mlima wa Amani, likaviringika mpaka bondeni, likawa bapa kama chapati. Watu walikula pilau saa kumi na moja jioni. Tangu hapo simu haikulia. Sasa Ijumaa kuna harusi Amani kulekule, na wenye harusi wamemwambia wazi: "Ukifika na vyombo vyako, kazi yako. Ukishindwa, tunamwita yule mpishi mwenye pikapu." Basi. Hilo Pijo lilikuwa jiko lake, na jina lake.

Mhando akataka kulisukuma gari lije juani.

"Acha hapohapo!" Mwantumu akamzuia. "Juani sabuni inakaukia kwenye bodi, inaacha ramani ya dunia. Chombo kinaoshwa kivulini."

Wakabaki bandani, chini ya boriti na makuti. Likumbukeni hilo.

Wa kwanza kuingia ndani akawa Nyange. Akatoa mazulia, akatoa mayai viza kumi na tisa, akatoa kiota cha panya kikubwa ungekipangisha. Siti akazisugua kwa sabuni ya unga na brashi ya nguo, akazikausha, akatega vikapu vya mkaa vinyonye harufu. Pua yake ikawa inamwongoza: hapa kuna mkojo wa panya, hapa nyanya ilioza mwaka juzi. Ghafla akasimama, pua juu.

"Nasikia wali."

"Wali gani?"

"Wali wa mpunga mpya, ndo kwanza unakauka maji. Humu humu garini."

Mhando akacheka mpaka akashika tairi. "Si dada Mwantumu huyo! Huyo hata umuogeshe kwa petroli atanuka pilau."

"Koma, masikio ya sungura we!" Mwantumu akamjibu. "Toka Jumamosi sijashika mchele."

"Basi mchele umekushika wewe."

Wakamcheka wote wawili. Nyange akaona haya, akanyamaza, akaendelea na mkaa wake.

Mhando naye akashika milango na dashibodi. Kila mlango akaupiga ngumi moja ya polepole, akatega sikio, akaufungua ubao wa ndani. Akatoa spana, akatoa kijiko, akatoa meno ya bandia ya abiria aliyeshuka Korogwe enzi hizo. Skrubu akazikaza mpaka ukifunga mlango hausikii chochote, ni kama umefunga mdomo. Mara akainua kidole.

"Shhh. Kuna kitu kinavuja upepo. Ssss. Mnasikia?"

"Hatusikii."

"Pancha hiyo!"

Fundi baiskeli, jamani, dunia nzima kwake ni pancha. Akachukua povu la sabuni akapaka matairi yote manne na la akiba, akalala kifudifudi kungoja kipovu. Hakuna kipovu.

"Labda linavuja kwa aibu," Nyange akamtania. Wakacheka tena. Mhando akajifuta, akaacha.

Mwantumu hakuwa na muda wa kuchekacheka. Alianza na injini. Ilishika grisi kama kikaango cha mama ntilie, akafungua boneti akamwagia sufuria zima la maji ya moto, maana ndivyo mpishi anavyofanya. Kisha akaweka ndoo mbili, moja ya povu, moja ya kusuuzia kitambaa, asije akachukua mchanga akalichana gari. Akaanza juu kushuka chini. Taa zilizofifia njano akazisugua kwa dawa ya meno, zikafumbua macho. Vioo akavipitia kwa limau na gazeti, ndege mmoja akaja kujidonoa akijiona. Bampa kwa majivu yaliyochekechwa. Dashibodi tone la mafuta ya mgando. Matairi rangi ya viatu.

Ukabaki mlango wa dereva. Akachuchumaa, akapaka nta, akaanza kuzungusha kanga kuukuu. Mlango ukaanza kuwaka. Lakini kulikuwa na doa. Refu, la kijivu, kama mtu kaburuta kidole chenye jivu. Akisugua, linafifia. Akigeuka kukamua kitambaa, likarudi palepale.

"We doa," akalisemesha, "mimi nimetoa ukoko wa harusi za mitala. Utanishinda wewe?"

Akasugua. Jasho likamtiririka. Wenziwe wamemaliza wanakunywa uji, yeye anasugua. Saa nzima! Mlango ukang'aa mpaka ukawa kisima, ungeweza kutumbukiza ndoo. Doa lipo.

Alasiri mzee akaja na fimbo yake na kofia yake ya kiua. Mwantumu akasimama pembeni, kanga mkononi. Mzee akasogea mlango wa dereva, akainama kidogo, akatazama.

"Lahaula! Ndevu zangu! Nazihesabu moja moja!" Akageuza shavu huku, akageuza kule. "Na chunusi yangu ile pale. Mwantumu mwanangu, umefanya..." Akakunja jicho. "Lakini mbona mpira wa maji mmeuning'iniza juu ya kichwa changu?"

"Mpira gani, mjomba?"

"Huu hapa nauona mlangoni. Umening'inia toka kwenye boriti, umekaribia kofia." Akainua mkono autoe.

Nyange pua ikampiga. Wali! Wali mpya, na sasa hautoki garini, unatoka juu. Akamkumbuka bibi yao marehemu: ukisikia harufu ya wali porini pasipo na moto wala chungu, usiulize nani anapika, ondoka, hapo pana koboko.

"Mjomba, usiguse! Koboko! Koboko huyo!"

Mama yangu! Mkono wa mzee ukakwama hewani. Dunia yote ikasimama. Jogoo aliyekuwa anawika akaimeza sauti yake. Nyoka yule, wacha niwaambie, mkia wake ulikuwa bado kwenye boriti ya tatu, na kichwa chake shubiri moja juu ya kiua cha kofia, kinayumbayumba. Mzee anamtazama mlangoni, nyoka anamtazama mzee mlangoni. Wamekutana macho humo kwenye rangi nyeusi.

"Nikimbie?" mzee akanong'ona, midomo haitikisiki.

"Tulia," Mhando akasema. Alikuwa amefumba macho, masikio yamesimama. "Anajaza pumzi. Ukitikisika sasa, anapiga. Ngoja. Ssss hiyo... bado. Bado, mjomba. Inapungua. Inapungua... Sasa!"

Magoti yaliyogoma miaka mitatu yakakumbuka kazi. Mzee alifungua mlango, akaingia, akafunga, kabla neno "sasa" halijatua chini. Koboko akapiga. Akapiga hewa, akaanguka kwenye mgongo wa Pijo, akateleza kwenye nta kama mtoto kwenye matope, akatua chini, akapotelea kwenye michungwa nyuma ya banda. Mpaka leo hakuna aliyemwona, na hakuna anayemtafuta.

Ndani ya gari mzee anahema kama mivukuto ya mhunzi. Kioo kikashuka.

"Nimeingia," akasema. "Sijaziba pua. Mlango haukupiga kelele. Ndevu nimeziona. Na nimepona."

Basi hapo ndo vita ikaanza.

"Mjomba," Nyange akasema, "mkono wako ulikuwa unakwenda kumshika. Ungemvuta ukidhani ni mpira. Nani aliyekwambia ni koboko? Funguo zangu."

"Ungejua ni koboko ukakimbia palepale, ungekuwa maiti unayekimbia," Mhando akadakia. "Nani aliyekwambia ukimbie lini? Funguo zangu."

"Na nani aliyekuonyesha?" Mwantumu akasema. "Wewe ulikuwa umempa kisogo. Bila mlango huu mngekuwa mnanusa na kusikiliza matanga. Mjomba, nihurumie, Ijumaa hii..."

"Subiri kwanza, dada," Nyange akamkata. "Nani alimwaga maji ya moto kwenye injini? Nyoka alikuwa amelala zake humo. Wewe ndo uliyempandisha darini!"

"Na wewe uliyenusa tangu asubuhi ukanyamaza?"

"Mlinicheka!"

"Na huyu aliyemsikia nyoka akatafuta pancha?"

Mhando akainamisha kichwa, masikio yakamwanguka kama ya mbuzi.

Mwantumu akainama kuokota kanga yake iliyodondoka mbele ya mlango. Akautazama mlango. Akautazama tena. Akasugua kwa kiganja. Akakaa chini, puu, kwenye matope ya povu.

"Dada, vipi?"

"Doa langu liko wapi?"

"Doa gani?"

"Lilikuwa hapa. Refu, la kijivu. Nimelisugua saa nzima, haliondoki. Hapa hapa!" Akainua macho taratibu mpaka kwenye boriti, palepale juu ya pale alipokuwa amechuchumaa. "Haliondoki kwa sababu halikuwa mlangoni."

Saa nzima! Saa nzima mtu anasugua picha ya koboko, na koboko mwenyewe juu ya utosi wake anasikiliza anavyotukanwa. Mhando akataka kutania, akasema, "Basi funguo ni za nyoka, yeye ndo kaufanya mlango ung'ae." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mkono wa mzee ukatoka dirishani, umeshika funguo. Vidole vinaelekea kwa Mwantumu, vinarudi kwa Nyange, vinakwenda kwa Mhando, vinarudi.

"Mimi nimeshindwa," akasema. "Mabasi nimeendesha, nyoka nimemwona, hili nimeshindwa. Na humu ndani sitoki mpaka mtu aamue."

Hajatoka mpaka leo hii ninavyosema nanyi. Uji wanampa kwa dirishani. Na Amani kule wenye harusi wanauliza, mpishi anakuja au haji?

Haya, wajuzi. Kuna mikono iliyomwonyesha mahali, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyomfukuza nyoka kwenye injini. Kuna pua iliyomwambia ni nini, na pua hiyohiyo ilinyamaza asubuhi kwa kuogopa kuchekwa. Kuna masikio yaliyomwambia wakati, na masikio hayohayo yalimsikia nyoka yakamwita pancha. Mkitoa moja, mzee ni marehemu. Na gari si fenesi.

Wewe hapo uliyetumbua macho, mkono wa mzee umechoka. Hebu uamue: funguo zianguke kwenye kiganja cha nani?