Jiwe la Mpaka la Mzee Kilua

Sogeeni. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele ni upumbavu mtupu.

Mzee Kilua wa Muheza alikuwa karani wa masijala ya ardhi. Kwa miaka thelathini na miwili alikumbuka kila faili na kila jiwe la mpaka, likiwemo la shamba lake, walikozikwa wazazi wake. Akastaafu. Nyumbani walimngoja watu watatu wenye vipaji: mkewe Bi Chausiku alijua kusema, mwanawe Mhina alijua kutenda, bintiye Zubeda alijua kukumbuka. Laiti wangevitumia kwingine!

Bi Chausiku alimsemea. Mtu akiuliza, "Shikamoo mzee, umeamkaje?" yeye hudakia, "Marahaba, kaamka salama."

Mhina alimtendea. Mzee akishika jembe, ananyang'anywa. "Baba, pumzika! Watu watasema hatukutunzi." Eti aibu! Akamkalisha barazani kama gunia linalosubiri lori.

Zubeda alimkumbukia. Mzee akianza, "Yule... yule nani..." Zubeda keshalitaja jina. Hata fumbo la gazetini alimjazia yeye.

Na mzee mwenyewe? Msimhurumie sana. Alitabasamu, akapokea uji.

Mwaka wa nne tangu astaafu, jirani yao Sekiondo akalima mpaka makaburini, akidai ni kwake. Baraza la kata likakaa palepale shambani.

"Mzee Kilua," akasema mwenyekiti, "jiwe ulilisimika mwenyewe, nyasi zimelifunika. Tuonyeshe tu, tumalize."

Mzee akatazama nyasi, akatazama mikono yake. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Mhina, nimjibu nini?"

Siku hiyo Bi Chausiku, bingwa wa kudakia, alimsukumia Mhina jembe. Mhina alifukua hapa na pale bila kupata kitu. Zubeda hakuweza kukumbuka asichowahi kukijua. Shamba likaenda, na makaburi yake.

Ukoo ukaamua kwamba mwenye kosa kubwa ndiye atakayekwenda kwa Sekiondo kupiga magoti, aombe ruhusa ya kuzuru makaburi.

"Mimi nilimheshimu tu!" akasema mke.

"Mimi nilimtunza!" akasema Mhina.

"Mimi nilimsaidia!" akasema Zubeda.

Wakapigana maneno mpaka mate yakawakauka. Kitini, Mzee Kilua akainua kichwa, akauliza kwa upole, "Makaburi? Kwani nani kafariki?"

Haya, nyinyi mnaojifanya mna akili: ungekuwa wewe, ungempeleka nani akapige magoti?