Neno la Mzee Shebuge

"Nirudishie ng'ombe wa mama aliyepotelea zizini mwako!" alidai Kidawa.

"Ng'o!" alifoka Mzee Shebuge, tajiri aliyekataa kila ombi kwa neno hilo moja.

"Basi kesho naja na mjumbe wa mtaa. Na shahidi."

Kesho yake akaja na mjumbe, na mbuzi.

"Mzee, mbele ya mjumbe, utanipa nini nirudi nacho nyumbani?"

"Ng'o!"

Kidawa akamfinya mbuzi sikio.

"Mbee!"

"Ng'ombe," akasema mjumbe. "Nimesikia."

"Sijasema hivyo! Ng'o!"

"Mbee!"

Mjumbe akainuka, na alipofika mlangoni akageuka.

"Sasa ni wawili, Mzee. Nyamaza kabla hujamaliza zizi."