Mpira Alioupiga Mzee Semkiwa Bila Macho

Hapo zamani, na msinitazame mkadhani naanza habari za majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, Tanga hii hii, alikuwapo Mzee Semkiwa, fundi wa karakana ya reli, na ugonjwa wake ulikuwa kriketi. Mnacheka? Chekeni. Mtu anasimama kwenye mkeka mrefu wa makumbi ya nazi, nyuma yake vijiti vitatu, mkononi gongo, la kuchezea, si lile mnalolijua ninyi. Mwenzake anatoka mbio kwa mbali, anatupa mpira mgumu kama jiwe, unadunda mkekani, unakuja kutafuta vijiti. Ukiupiga, umeokoka. Mchezo ndio huo.

Mkewe, Bi Mwanamvua, hakuwahi kwenda kuutazama. Alimfulia mumewe suruali nyeupe, Jumapili asubuhi akamwona anaondoka, jioni akamwona anarudi mwekundu kwa vumbi. Majirani wakimuuliza, anawajibu, "Mimi nina mke mwenzangu, tena hajui hata kupika."

Kisukari kikaingia. Kikamla mzee macho, taratibu, mpaka ikawa hauoni hata mkono wake mwenyewe. Akawa wa kukaa barazani, gongo mapajani, analipaka mafuta. Bi Mwanamvua miaka yote aliomba mumewe ashinde nyumbani Jumapili. Haya, sasa anashinda, na moyo unamuuma mwanamke yule, hata hajui amlaumu nani.

Siku moja mzee akasema, "Nataka kupiga mpira mmoja tu. Mmoja wa kweli."

"Kwa macho yapi, Baba Hoza?" mkewe akamuuliza.

"Mkeka unasema. Mpira ukidunda nasikia umedunda wapi. Nitandikieni mkeka unaosema."

Mnayasikia maneno hayo? Wengine wangemfungia mlango. Lakini binti yake, Zena, aliyashika. Tangu utotoni aliambiwa gongo si la mtoto wa kike, kazi yake kusaidia kutandika mkeka, basi. Alfajiri akaenda uwanjani peke yake, akautandaza ule mkeka uliokuwa umelegea stoo, akauvuta, akaupigia mambo, vile vigingi vya kuushikilia, kwa nyundo, akauvuta tena, viganja vikachubuka. Alipodondosha kokoto, mkeka ukaitika, ta! Hapo ndipo akaenda kumleta baba yake.

Kaka yake, Hoza, mchezo ule aliuchukia toka mdogo. Aliposikia, alikuja juu. "Mnataka kumuua baba!" Kisha akaona mzee keshavaa suruali yake nyeupe. Akanywea. Akamshika mkono hadi mkekani, akasimama nyuma yake, kifua wazi, bila kinga ya aina yoyote. "Baba, mkono wa mtupaji ukiachia mpira, nitasema, 'Haya!' Ukikujia kichwani nitakuvuta, unipige mimi."

Wa kutupa alikuwa Jivan, seremala wa samani, aliyemtupia Semkiwa mipira tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Pembeni Hoza alikuwa amemsihi, "Ami, tafadhali, tupa polepole, mzee ajifurahishe tu." Jivan akakubali. Ila alipouchukua mpira, sauti ikatoka kule kwenye vijiti, "Jivan! Ukinihurumia leo, kwenye maziko yangu usije." Jivan akajifuta machozi kwa mkono wa shati. Akarudi nyuma, mbali, pale pale alipokuwa akianzia ujanani. Akatoka mbio.

"Haya!" akapiga ukelele Hoza.

Ta! ukaitika mkeka.

Na mzee akasogeza mguu wa kushoto, wangu wee, kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumbani kwake. Gongo likashuka. Mpira ukapaa, ukapita juu ya vichwa, ukavuka ukuta. Muuza kahawa aliacha birika linamwaga.

Bi Mwanamvua alikuja siku ile kwa hofu tu, kumchunga mgonjwa wake. Alisimama, mkono kinywani. Aliona mtu aliyenyooka, mwepesi, kijana. "Subhanallah," akasema. "Kumbe miaka yote nimelala na mtu huyu, sikumjua."

Wiki haikwisha, mzee akafariki. Lakini kabla ya hapo alimwita mkewe. "Mama Hoza, gongo langu mpe aliyenipigisha mpira ule. Ulikuwepo, uliona. Mpe mmoja. Gongo likilala nyumba tatu halina kwao." Jina hakutaja. Wanaume!

Hitima iliposomwa na watu wakatawanyika, wakabaki watatu sebuleni, mbele ya Bi Mwanamvua.

Zena akasema, "Mama, baba hakuwa na macho, macho yake yalikuwa mkeka. Nani aliukaza? Gongo nimekatazwa maisha yangu yote. Leo nalidai."

Hoza akasema, "Gongo hilo nililionea wivu tangu mtoto, alilishika kuliko alivyonishika mimi. Siku ile ndiyo mara ya kwanza baba alinisikiliza. Ningechelewa kusema 'Haya!', asingegusa kitu. Na mpira ungepotea njia, ungenikuta mimi."

Jivan akasema, "Shemeji, hawa wana damu yake. Mimi nina nini? Ningetupa wa huruma, angeupiga, na angejua. Usingekuwa mpira wa kweli. Ningeweza kumuua rafiki yangu, na bado nikatupa. Unajua ni kitu gani kile?"

Bi Mwanamvua akawageukia mmoja baada ya mwingine. Analo gongo mapajani, zito kuliko alivyodhani, na mtu aliyemwona siku ile hatamwona tena. Akimpa asiyestahili, atakuwa amemkosa mumewe mara ya pili.

Haya, ninyi mlioanza kwa kucheka. Msiniambie wote watatu, mzee alikataa. Mama wa watu ameketi, anangoja. Je, nani alimpigisha Mzee Semkiwa mpira ule?