Jitu Lililofagia Msibani

Niitikieni, nami nitawasimulia.

Jitu lina nini?
— Lina nguvu!
Limekosa nini?
— Limekosa akili!
Na mdogo aliye miguuni pake ana nini?
— Ana mdomo!
Basi nipeni masikio, maana mdomo ninao.

Kwanza wekeni dadu chini. Na wewe pia, Salima. Najua Jumamosi ni siku ya mchezo wenu, mnajifanya mashujaa na kuwinda majitu hapa mezani kwa dadu la pande ishirini. Aliyekuwa akiyaendesha majitu hayo ni Veneranda, mke wangu. Arobaini yake imepita juzi. Leo mmekuja, mmeweka dadu mezani, na hakuna aliyethubutu kukigusa kiti chake. Mimi kucheza sijui. Ila daftari lake ninalo, na ukurasa wa kwanza ameandika hivi: "Jitu la Kilimani. Nguvu ishirini na moja. Akili tano. Silaha: rungu. Mzigo: gunia." Nitawasimulia habari za jitu hilo. Kobelo, sauti ya jitu utaitoa wewe, ile ile aliyokuwa akiitoa yeye. Usione haya.

Hapo kale, chini ya mlima, waliishi Bwana Sange na Bi Sange. Sange ni mnyama mdogo, anaenea kiganjani, pua ndefu kama mrija, miguu myembamba, mbio nyingi. Kazi yake kubwa ni njia. Kila asubuhi anafagia vijia vyake, jani moja moja, ili siku ya hatari apite bila kujikwaa. Bwana Sange alifagia upande wa mawio. Bi Sange alifagia upande wa machweo, tena alifagia akigomba. Jani likidondoka, alisimama mbele yake, mkono kiunoni:

"Wewe jani, hukuona pengine pa kuanguka?"

Bi Sange akaugua. Bwana Sange akaacha ufagio, akakaa naye. Majani yakaanguka, hakuna wa kuyagombeza. Yakaanguka mengine juu yake. Kisha Bi Sange akafa.

Majirani wakaja msibani. Akaja Mzee Kobe, polepole, siku nzima njiani. Akaja Bi Kwale na vifaranga wake. Wakaja akina Nguchiro, ndugu saba. Wakabandika sufuria ya uji, wakakaa na mwenzao.

Mara: Tii! Tii! Tii!

Kobelo, haya.

"HODI MSIBANI! POLENI SANA! NIMEKUJA KULA!"

Jitu la Kilimani halikukosa msiba hata mmoja. Msibani watu hukaa pamoja, na watu waliokaa pamoja ni rahisi kuwatia guniani. Lilikuwa na rungu begani, na gunia mgongoni. Likakaa uani: Puu! Vifaranga wakarukaruka kama bisi.

Wageni wakatazama njia. Njia hazikuwepo. Majani yalikuwa yamefika shingoni mwa Mzee Kobe.

"Sange, mwanangu," Mzee Kobe akanong'ona, "mimi safari yangu imeisha. Nyinyi kimbieni."

"Umetembea siku nzima kuja kunipa pole," akasema Sange. "Utarudi kwako mzima."

Akakimbia mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa jitu. Akasimama. Akalitazama juu, juu, juu.

"Mtani! Mbona umechelewa?"

"MTANI? MIMI?"

"Kumbe hawakukwambia nyumbani! Babu yako alimkanyaga babu yangu. Babu yangu akaingia puani mwa babu yako. Babu yako akapiga chafya mwezi mzima. Tangu hapo sisi ni watani."

Jitu likajishika pua. "NA MTANI ANAFAIDI NINI?"

"Mtani hufanya kazi za msiba. Mtani humtania mfiwa. Siku mfiwa atakapocheka, mtani huchukua chochote kilichomo uani. Hakuna wa kumzuia, hakuna hata wa kukimbia."

"CHOCHOTE?"

"Chochote."

"HATA WAGENI?"

"Wamo uani au hawamo? Ukikamata sasa utapata wawili, waliobaki watatawanyika vichakani. Ukiwa mtani utawapata wote, wamekaa, tena wameshiba uji."

"WAMESHIBA!" likasema jitu. Udenda ukalitoka: Dii! Dii! "MIMI NI MTANI! MTANI KABISA! KAZI IKO WAPI?"

"Kuni zimekwisha."

"KUNI ZIKO WAPI?"

"Unazo begani."

Jitu likalitazama rungu lake. Likamtazama Sange.

"Mimi nakutania, wewe unanitania," akasema Sange. "Nimechukua rungu lako. Mtani akikasirika si mtani tena, ni mgeni tu, na mgeni hachukui kitu."

"NANI KAKASIRIKA?" likasema jitu. Likaliweka rungu gotini. Kwaa! Likalivunja vipande. Moto ukawaka, uji ukaiva, jitu likanywa nusu ya sufuria na kulamba mwiko.

Kisha likainama. "MTANI, PUA YAKO NDEFU HIVI! INAFIKA SOKONI NA KUSALIMIA WATU, WEWE BADO UNATAFUTA VIATU!"

Akina Nguchiro wakacheka mpaka wakaanguka. Mzee Kobe akacheka akiwa ndani ya gamba, gamba likatetemeka.

"MTANI, UMECHEKA?"

"Bado, mtani."

Wala Sange hakujizuia. Hakukuwa na kitu cha kuzuia.

Siku ya pili: Tii! Tii! Tii!

"KAZI IKO WAPI?"

"Njia. Fagia mpaka kwa Bi Kwale. Fagia mpaka kwa akina Nguchiro. Majani tia guniani, yasirudishwe na upepo."

Jitu likang'oa mti mzima, likaugeuza ufagio. Fya! Fya! Fya! Majani yakaingia guniani. Fya! Fya! Fya! Miiba ikaingia guniani. Njia zikatokea, nyeupe, nyembamba, zimenyooka, kama Bi Sange alivyopenda ziwe.

Likarudi likihema. "MTANI, NYUMBA YAKO NDOGO HIVI! MBU AKITAKA KUINGIA ANAACHA MIGUU NJE!"

Bi Kwale akacheka mpaka akatema uji.

"MTANI, UMECHEKA?"

"Bado, mtani."

Siku ya tatu: Tii! Tii! Tii!

"KAZI IKO WAPI?"

"Imebaki njia moja. Ile ya kwenda kwenye mwamba wa Mzee Kobe."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Sange alikuwa amepanga hivi: njia ya mwisho ikiisha, atajilazimisha kucheka kicheko cha uongo, na kila mtu atapita kwenye njia yake, asiachwe Mzee Kobe. Mwamba wa Mzee Kobe ulikuwa na ufa chini, kobe anaingia, mkono wa jitu hauingii. Mzee Kobe alikwisha kujisogeza mpaka mwanzo wa njia ile, anajidai anaota jua, na kila jitu likifagia hatua moja, yeye huyo, hatua moja nyuma yake.

Fya! Fya! Fya! Zikabaki hatua kumi. Jitu likasimama.

"NIMECHOKA. NITATANIA KWANZA."

Kwenye kamba, mlangoni pa Sange, ilikuwa imeanikwa kanga ya Bi Sange, kubwa kiasi cha jani la mkunde. Majirani walikuwa wameifua. Jitu likarudi uani, likaichukua kwa kucha mbili, taratibu, likajifunga kwenye kidole cha mwisho, kama kilemba. Nyinyi mmeona watani wakivaa nguo za marehemu na kumwigiza; jitu nalo liliona, misiba yote ile haikupita bure. Maneno ya Bi Sange lilikuwa likiyasikia miaka yote kutoka kule juu, kila asubuhi, likidhani ni ndege.

Likasimama. Likaweka mkono kiunoni. Likalinyooshea kidole jani moja lililobaki uani. Likaminya sauti ile nene mpaka ikawa nyembamba kama uzi:

"Wewe jani, hukuona pengine pa kuanguka?"

"Kwi!"

Wageni wakageuka.

"Kwi! Kwi-kwi-kwi!"

Alikuwa Sange. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, kicheko kikatokea puani. Alijiinamia, kikatokea machoni. Alicheka na machozi yakimtoka, hajui lipi limetangulia. Na njia ya Mzee Kobe bado hatua kumi.

"AMECHEKA!" likanguruma jitu. "NACHUKUA WAGENI WOTE! RUNGU LANGU LIKO WAPI?"

"Lilikupikia uji," akasema Sange, akijifuta machozi.

"GUNIA LANGU!"

"Lile pale. Limejaa majani. Utawatia wapi wageni?"

Jitu likaona kweli. Likalinyanyua gunia, likaligeuza mdomo chini, likalikung'uta. Fyaaaa! Majani ya msimu mzima yakamwagika, yakapaa, yakalijaa jitu machoni na mdomoni. Ptu! Ptu!

"Sasa!" akapiga kelele Sange.

Bi Kwale na vifaranga: puruuu! Njia nyeupe, hao. Akina Nguchiro: chwi, chwi, chwi, chwi, chwi, chwi, chwi! Njia nyeupe, hao. Na Mzee Kobe? Kwata. Kwata. Kwata. Hatua kumi, kifua kikisukuma majani kama jembe. Kwata. Kwata. Jitu likatema jani la mwisho. Kwata. Jitu likafumbua jicho moja. Kwata, kwata. Jicho la pili. Kwata... kwata. Ndani ya ufa.

Jitu likatazama uani. Halikuona mtu, ila Sange peke yake, kwenye mlango wa nyumba yake ambao kidole cha jitu hakiwezi kuingia.

"MTANI, UMENIDANGANYA."

"Nilisema hakuna wa kukuzuia. Nani kakuzuia?"

"ULISEMA HAKUNA HATA WA KUKIMBIA!"

"Hapo nilikudanganya," akasema Sange, maana alikuwa mkweli.

Jitu likakunja uso. Sange angeweza kuingia ndani na kuliacha hapo. Hakuingia.

"Sikiliza, mtani. Njia hizi zilikuwa zimenishinda, umezifagia. Uji wa wageni wangu umeupika kwa rungu lako. Na mimi nilidhani sitacheka tena, umenichekesha kwa maneno yake mwenyewe. Asante. Nasema kweli. Asante sana."

Jitu halikuwahi kuambiwa neno hilo. Akili zake zote tano zikakusanyika kulitazama.

"SASA MIMI," likasema kwa sauti ya chini, "NIMECHUKUA NINI?"

"Kipo kidoleni mwako. Chukua."

Jitu likainua kidole. Kanga ilikuwa bado imefungwa. Likaifunika kwa mkono wa pili ili upepo usiipeperushe, likapanda mlima. Tii. Tii. Tii. Tangu hapo halikuonekana msibani. Lakini kila asubuhi, Bwana Sange akitoka kufagia, pande zote mbili sasa, jani likidondoka husikia kutoka juu kabisa, sauti nene iliyominywa ikawa nyembamba:

"Wewe jani, hukuona pengine pa kuanguka?"

Naye huweka ufagio chini kidogo, akaitikia, "Mwambie, mtani."

Funzo la hadithi hii ni hili, liandikeni: mfiwa asicheke kamwe. Tazameni hasara aliyoipata Sange! Kucheka mara moja tu, kanga nzuri imekwenda.

Funzo la pili: msikubali watani waingie uwanjani kwenu. Hapa waliingia kina nyinyi. Wiki nzima ya msiba mlifagia uwanja huu, Kobelo akibeba maji na kuwaambia watu kwamba mimi nachemsha chai mpaka inaomba msamaha. Nilisikia. Sikucheka siku ile. Nimecheka leo, mmeona wenyewe, pale Kobelo alipoiminya ile sauti.

Kwa hiyo mnastahili kuchukua kitu. Chukueni daftari.

Ufagio wangu wa hadithi nauweka hapa. Mwenye pumzi auchukue hapo nilipouacha. Salima, rudisha dadu mezani. Kobelo, hicho kiti usikiangalie, kikalie.