Mtambo Ndani ya Sanduku la Bati

Amani ya Bunia miaka hiyo ilikuwa kama usingizi wa mgonjwa: mlango ukigongwa tu, unashtuka. Mchana watu waliuza, walifunga ndoa, walibatiza watoto. Lakini mtaani Ngezi hapakuwa na mama hata mmoja asiyejua ni kitu gani angekibeba kwanza siku ya kukimbia. Jeannine Kavira, mjane muuza vitenge, angebeba sanduku lake la bati. Mama yake mzazi, Mama Scholastique, ndiye aliyemfundisha. Walipokimbia Komanda, bikizee huyo alijitwika kichwani, na kila kilichokuwa ndani kilipona. Vilivyobaki nje viliporwa, hata vijiko. "Kitu ya maana inalala mu sanduku," alizoea kusema, na nyumbani mwao neno hilo lilikuwa kama amri ya kumi na moja.

Mama Scholastique alikuwa na pumu. Moshi wa makaa ulimfukuza katika nyumba kubwa, akahamia chumba kilichojengwa peke yake nyuma ya ua. Pumu ilipombana hakuwa na sauti ya kuita. Ilibidi mtu afike upesi, amkalishe na kumpulizia dawa kinywani. Kila Jeannine alipopika, roho yake ilikuwa nusu jikoni, nusu nyuma ya ua.

Mdogo wake Mbusa, aliyefuata bidhaa Kampala, ndiye aliyeleta dawa ya hofu hiyo: kibonyezo kidogo cha kumvalisha mama shingoni, kengele ya kutundika jikoni, na mtambo mdogo mweupe wa kupokea mwito wa kibonyezo na kuupeleka kwenye kengele, bila waya kati yao. Dukani aliiacha mitambo iliyong'aa kama sahani za harusi, akachagua mmoja wenye betri yake ndani, kwa maana umeme wa Bunia ni mgeni asiyeaga. Aliujaribu sebuleni, kengele ikakoroma kidogo. Akaupeleka chumba cha mwisho, kengele ikanyamaza kabisa. Mwishowe akauweka kwenye dirisha la korido linalotazama ua. Mama akabonyeza. Kengele ikalia hadi kuku wakakimbia.

"Ee! Sasa niko bibi ya gavana," bikizee akacheka. "Nikitaka chai, nafinya tu!"

"Mama, hiyo haiko ya chai," Mbusa akasema, akamgeukia dada yake. "Yaya, musikie. Huu mutambo unakaa hapa hapa, karibu na mama. Ukuta wa matofali unauchokesha, na bati ndiyo adui yake."

"Nimesikia, mudogo yangu."

Alisikia kweli. Lakini baadaye zikaja habari kwamba risasi zimelia upande wa Djugu, na waliokimbia wakapita mtaani na magodoro kichwani. Jirani yake, Mama Élise, akasimama uani, mikono kiunoni.

"Weye Jeannine, mashini ya Kampala unaiacha ku dirisha? Unaita wezi kwa jina?"

"Iko kwa ajili ya mama."

"Wakiibeba, itakuwa kwa ajili ya mama yao!"

Wakacheka wote wawili, lakini neno hilo lilimwingia Jeannine kama mwiba. Akautoa mtambo dirishani, akauviringisha kwa kitenge, akaufungia kwa kufuli ndani ya sanduku la bati katika chumba chake, mwisho wa nyumba, waya wa umeme ukipita chini ya kifuniko. Taa yake ya kijani iliwaka vilevile. Akaenda kumweleza mama yake.

"Umefanya vizuri, mutoto yangu," bikizee akasema. "Lakini nifinye tena, tujaribu?"

"Si taa yake iko kijani, mama? Iko muzima. Mupumzike."

Dominika moja baada ya misa, kina mama wa sala wakakusanyika sebuleni kwa Jeannine. Mvua ikaangukia mabati kama mawe, wakaimba kwa nguvu zaidi kuishinda. Wakawaombea wagonjwa, wakamtaja Mama Scholastique kwa jina, wakajibu "Amina" kwa sauti moja. Jeannine, hata akiwa amepiga magoti, alifungua jicho na kutazama jikoni. Kengele ilikuwa kimya. Akamshukuru Mungu, kwa maana ukimya ule aliuhesabu kuwa uzima.

Mvua ilipopungua, alichukua uji akavuka ua. Mlango ulikuwa mzito kufunguka. Mama yake alikuwa sakafuni, bega limeegemea mbao, kidole gumba bado juu ya kibonyezo. Kibonyezo kilimulika nyekundu, kama kinavyofanya kinapoita na kukosa wa kuitika. Jeannine aliutupa uji, akamkalisha, akampulizia dawa, akapuliza tena na tena. Pumzi ya kuipokea haikuwepo.

Mbusa alifika matanga yakiwa yameanza. Alilia kwanza, kisha akatazama dirisha la korido.

"Yaya, mutambo iko wapi?"

Jeannine aliinuka. Alimshika mkono, akampitisha katikati ya waombolezaji hadi chumba cha mwisho, akafungua sanduku. Taa ya kijani ikawatazama toka ndani ya kitenge. Mbusa akafunika polepole, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Yaya, musijiue na mawazo. Siku ya mama ilikuwa imefika. Siku ni ya Mungu."

"Siku ni ya Mungu," Jeannine akasema. "Kufuli ni yangu."

Akatoka, akaketi mkekani kati ya wanawake, nao wakamsogelea. Msaada wa mama yake ulikuwa katika ua uleule, mzima, umelindwa kuliko dhahabu, wala haukumfikia. Fimbo ya mbali haiui nyoka.