Mtoto Aliyefichwa Hadi Arobaini

Soma hii polepole, halafu mpelekee yeyote ambaye nyumbani kwake kuna mtoto mchanga.

Katika kijiji kimoja cha milimani, Nakundwa alijifungua mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo kiasi cha kuenea kwenye viganja viwili. Hospitalini walimsaidia kupumua kwa oksijeni, na mama yake akambeba kifuani mpaka akapata nguvu. Wakamwita Elihaki.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alisema, "Mama Elihaki, Jumanne ijayo mlete apimwe macho. Daktari wa macho huja hapa mara moja tu kwa mwezi. Usikose."

Nyumbani, mama mkwe wake, Bibi Namsifu, alishika kiuno.

"Umtoe nje kabla ya arobaini? Na baridi hii? Na watu walivyo na vijicho?" Akamfunua mjukuu uso. "Hebu mtazame huyu mume wangu mdogo! Macho maangavu namna hii yana ugonjwa gani?"

"Lakini mama, muuguzi alisema..."

"Muuguzi amelea wangapi? Mimi nimelea saba."

Nakundwa akamfunika mtoto tena. Jumanne ikapita. Arobaini ilipotimia, mvua zilikuwa zimeharibu barabara, kisha yakaja mavuno.

Elihaki akanenepa. Kila bibi alipoingia akiimba, mtoto alicheka.

"Mmeona? Ananijua kuliko mama yake!" bibi alitamba.

Miezi kadhaa baadaye wakampeleka kliniki ya hospitali ile ile kupata chanjo, na ikawa ndiyo siku ya daktari wa macho; muuguzi akawapeleka kwake. Daktari alimmulika mtoto machoni, kisha akauliza kwa upole, "Bibi, mjukuu anakujua?"

"Sana! Ngoja nimwite uone."

"Usimwite. Simama mbele yake umchekee tu, bila sauti."

Bibi akasogea, akatabasamu kwa meno yote yaliyombakia. Mtoto akaendelea kuelekeza macho ukutani. Bibi akainama zaidi, pua zao zikakaribia kugusana. Mtoto hakugeuka.

"Elihaki," bibi akanong'ona.

Mtoto akacheka.

Nakundwa alijishika mdomo.

"Njiti huzaliwa kabla mishipa ya damu ya ndani ya jicho haijakomaa," daktari alisema taratibu. "Ikikua vibaya, huharibu jicho kwa ndani, na ukitazama kwa nje huoni kitu. Tukiligundua tatizo hilo mapema, mara nyingi tunalizuia."

"Na sasa?" Nakundwa akauliza.

Daktari akatikisa kichwa. "Tumechelewa. Haoni."

Bibi Namsifu aliketi sakafuni, khanga ikamwanguka mabegani asiiokote.

"Nilikuwa namkinga," alisema. "Daktari, mimi nilikuwa namkinga."



Funzo: Kumpenda mtoto hakutoshi kumwona ndani ya jicho. Njiti akipangiwa siku ya kupimwa macho, mpeleke siku hiyo hiyo. Mila zitakusubiri, lakini jicho lake halitasubiri.